Esei ya hoja ya Kiingereza: anza na swali, jibu litakuja

Haya, nyie mlio mwaka wa kwanza mnaoniuliza kila siku kuhusu ile esei ya utafiti, naandika mara moja basi. Yangu ya kwanza nilikesha nayo, kurasa 6, mada "Maendeleo Lamu", nikamwaga kila ninachokiamini alafu ndio nikaingia mtandaoni kutafuta watu wa kuniunga mkono. Mwalimu akaandika pembeni kwa wino mwekundu, unabishana na nani? Alama sisemi.

Mada ikate kwanza. Maendeleo si mada. Ule mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliotakiwa kujengwa Kwasasi huku Lamu, angalau hicho ni kitu, lakini bado kipana, kikate tena mpaka kiwe swali: je, wenyeji walishirikishwa kisawasawa kabla ya leseni ya mazingira kutolewa 2016? Hilo kurasa 6 zinalitosha, na jibu hulijui mpaka usome.

Kusoma sasa. Facebook wacha. Uamuzi wa Juni 2019 wa baraza la rufaa za mazingira (National Environment Tribunal) uliofuta ile leseni uko bure kwenye tovuti ya Kenya Law, mrefu na unachosha kweli, lakini ndani yake mna maneno ya pande zote mbili, waliokata rufaa na kampuni ilivyojitetea, yani samaki mzima huyo, miba utatoa mwenyewe. Wikipedia pitia tu uone chini wametoa wapi habari, uende huko. Na namba ya ukurasa iandike pale pale unaposoma, usiniambie utakumbuka.

Dai lako kuu liwe kitu mtu mwenye akili zake anaweza kukikataa. "Mji wa Lamu ni wa kale", nani atabisha? UNESCO washauorodhesha kua urithi wa dunia tangu 2001. Lakini ukisema leseni ilistahili kufutwa hata kama mtambo ungeleta kazi, kwa sababu wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo, hapo umewasha moto.

Na hapa ndio wengi wanaanguka, upande wa pili. Nenda Mkunguni, ule uwanja wa mbele ya ngome ya Lamu, jioni ukae barazani umwambie mzee yeyote kua mtambo ulikua mbaya tu, uone. Atakuuliza umeme wa kuchajia hio simu yako unatoka wapi, na hawa vijana waliokaa hapa bila kazi wale nini. Si maneno ya kipuuzi hayo! Yatie kwenye esei yakiwa na nguvu zake zote, kama angeandika yeye mwenyewe, usimchoree mpinzani wa karatasi ukampuliza akaanguka. Alafu kubali palipo na haki, sawa, kazi zinahitajika, kisha onyesha kua shida ya kazi haijibu swali la nani aliulizwa na lini. Mimi nikisoma esei ya mtu naanzia aya hio, ikiwa nyepesi najua zilizobaki pia nyepesi.

Aya nyengine ni hoja moja, ushahidi, alafu wewe ueleze huo ushahidi unathibitisha nini. Watu wanatia nukuu wanahama, kama mtu alieshusha mzigo gatini akaenda zake, nani aubebe?

MLA, yani ule mtindo wa kutaja ulikotoa habari, haina maajabu, ndani ya mabano jina la ukoo na ukurasa bila koma kati yake, orodha ya mwisho kwa alfabeti. Hata ukisema kwa maneno yako, wazo ni la mwenyewe, mtaje. Na ukimhoji bibi yako kwa Kiswahili ukamnukuu kwa Kiingereza, sema tafsiri ni yako.

Utangulizi andika mwisho, ukishajua umesema nini. Kisha soma yote kwa sauti, sentensi ikikukata pumzi ivunje. Ukimaliza rasimu niletee niipitie, ila sio usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi yakhe, na stima zenyewe mwazijua.