Ali wa 1966 dhidi ya Tyson wa 1988: namna ya kupanga pambano lisilowahi kufanyika

Ubishi wa mabingwa wa uzito wa juu huharibika mapema kwa sababu kila mtu huja na bondia aliyemuunda mwenyewe: Muhammad Ali mwenye miguu ya 1966, ustahimilivu wa 1975 na ujanja wa Kinshasa 1974, vyote kwa mpigo. Mtu huyo hakuwahi kupanda ulingoni. Kwa hiyo usichague jina, chagua usiku.

Ali mpe Novemba 14, 1966, Houston, alipommaliza Cleveland Williams raundi ya 3. Ana miaka 24, kilo 96.5, na bado hajafungiwa kupigana ile miaka mitatu na nusu iliyomwibia miguu. Mike Tyson mpe Juni 27, 1988, Atlantic City, alipomlaza Michael Spinks kwa sekunde 91. Ana miaka 21 na kilo 99. Ali ana urefu wa sentimita 191 na mikono iliyotandazwa ya 198. Tyson ana 178 na 180. Wengi hushangaa kuona kwamba mfupi ndiye mzito.

Namba hizo ziache zilivyo. Ukianza kumwongezea bondia wa zamani kilo kumi eti leo angenyanyua vyuma, umeshamuumba mtu mwingine. Joe Louis wa 1938 alikuwa na kilo 90 na Tyson Fury wa Februari 2020 alikuwa na 124; kama unawataka hao, lipe pengo hilo kazi yake, hasa wanapokumbatiana na mmoja anamlalia mwenzake. Uzito peke yake hauamui: Mei 2024, Riyadh, Oleksandr Usyk alimzidi Fury kwa pointi huku akiwa mwepesi kwa kilo kama 17.

Kisha andika sheria kabla hujampa yeyote ushindi, maana hapa ndipo pambano hupinduka. Ali alijiandaa kwa raundi 15, Tyson kwa 12. Mashirika ya ndondi, moja baada ya jingine, yalipunguza raundi kufuatia kifo cha bondia Kim Duk-koo baada ya kupigana na Ray Mancini Novemba 1982. Amua pia glovu, za wakia 8 au 10, na ukubwa wa ulingo. Ulingo wa mita 6.1 kila upande humpa Ali pa kuzunguka. Wa mita 4.9 humfikisha Tyson kifuani kwa Ali kwa hatua mbili. Refa naye ni sehemu ya sheria. Katika pambano la pili na Joe Frazier, Januari 1974, Ali aliachiwa kumshika mwenzake shingo na kumwinamisha tena na tena. Refa mkali angemkata pointi, na mpango wake dhidi ya watu wafupi ungevunjika.

Sasa tafuta ushahidi: nani katika rekodi ya kila mmoja alifanana na mpinzani huyu mpya? Kwa Ali, jibu la haraka ni Frazier, aliyemdondosha raundi ya 15 Machi 8, 1971. Lakini huyo ni Ali aliyekwisha kufungiwa kupigana, kwa hiyo punguza uzito wa ushahidi huo. Mwenye thamani zaidi ni Henry Cooper, aliyemkalisha chini London mwaka 1963, Ali akiwa na miaka 21. Sababu ya kuanguka mara zote mbili ni ileile. Ali hukwepa kwa kuvuta kichwa nyuma moja kwa moja, mikono ikiwa chini. Dhidi ya ngumi iliyonyooka inatosha kabisa, lakini konde la kushoto linalozunguka huku mpigaji akiruka mbele humkuta palepale kichwa kiliposimama. Tyson analo hilo, na ana la ziada ambalo Frazier hakuwa nalo: mkono wa kulia unaopiga mbavu kisha, mkono uleule, unapanda kidevuni. Isitoshe Frazier huchelewa kupata moto. Tyson huwaka kengele inapolia.

Upande wa Tyson, tazama James Tillis (1986), Bonecrusher Smith na Tony Tucker (1987). Wote walishindwa, lakini walimaliza raundi zote kwa kutembea au kumkumbatia. Usimtumie Buster Douglas. Pambano la Tokyo la 1990, alipompiga Tyson, ni la Tyson aliyekwisha kuachana na kocha Kevin Rooney, si huyu uliyemchagua. Wala usimtumie Larry Holmes, aliyepigwa na Tyson Januari 1988, kuthibitisha ubora wa Tyson. Holmes alikuwa na miaka 38 na hakuwa amepigana karibu miaka miwili.

Mtego mbaya kuliko yote ni hesabu ya "fulani kampiga fulani". Frazier alimshinda Ali 1971, George Foreman akamwangusha Frazier mara sita Kingston 1973, Ali akamzima Foreman Kinshasa 1974. Mnyororo huo unarudi ulikoanzia.

Ligawe pambano: raundi 1–4, 5–9, 10–15. Kila sehemu uliza nani anaamua umbali, nani anapigwa ngumi safi, nani bado ana pumzi. Kwa raundi 15, ulingo wa mita 6.1 na refa mlegevu, mimi namweka Ali chini mara moja ndani ya raundi nne za kwanza. Hatumii muda mrefu sakafuni. Mbele ya Frazier aliinuka papo hapo. Kuanzia ya 6 mifululizo ya Tyson inapungua na kuwa ngumi mojamoja, na Ali anashinda kwa pointi au kwa refa kusimamisha baada ya ya 11. Badilisha vitu viwili tu, ulingo uwe wa mita 4.9 na refa akataze kushika shingo, nami namwandika Tyson, ndani ya raundi sita.