SOMO: Chunjua sugu za nyayo kwa watoto, hatua kwa hatua (soma yote kabla ya kuuliza)

BabaPacha:

Swali hili nimelijibu mpaka vidole vimeota sugu vyenyewe. Leo naliandika mara moja, na atakayeniuliza tena kwa ujumbe wa faragha nitamrudisha hapahapa. Mimi si daktari. Ni mzazi niliyehangaika na nyayo za watoto wawili kwa miezi mingi, na nikaharibu kabla ya kupatia.

Kwanza hakikisha ni chunjua. Wayo una michirizi kama ile ya alama za vidole. Kwenye sugu ya kawaida, ile ngozi ngumu ya msuguano, michirizi hupita juu yake. Kwenye chunjua hukatika, huzunguka pembeni kama maji yanavyozunguka jiwe. Ibane kwa pembeni kwa vidole viwili: chunjua huuma ukiibana hivyo, sugu huuma zaidi ukiibonyeza kwa juu. Vile vinukta vyeusi ndani yake si mizizi, wala si uchafu. Ni vishipa vidogo vya damu vilivyoganda. Usivichokoe kwa sindano.

Pili, jiulize kama kuna haja ya tiba. Karibu nusu ya watoto hupona wenyewe ndani ya mwaka mmoja, na wengi wa waliobaki hufuata baadaye. Kama haimuumi, haiongezeki na yeye mwenyewe haimkeri, iache. Najua hutaki kusikia hivyo.

Ukiamua kutibu, tafuta asidi ya salisiliki ya maji, ile ya asilimia 17 hivi, au plasta zake za asilimia 40. Utahitaji pia misasa ya kucha ya kutupa, mafuta ya mgando, plasta za kawaida na beseni.

Hatua ya 1. Loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu dakika 5 hadi 10.

Hatua ya 2. Kausha kwa taulo yake peke yake.

Hatua ya 3. Sugua ngozi nyeupe iliyokufa. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo soma polepole. Mimi nilidhani kadiri ninavyokwangua ndivyo ninavyoing'oa. Nilisugua mpaka damu ikatoka, na kwa akili yangu nikaona afadhali, dawa itaingia vizuri. Nikadondosha asidi juu ya nyama mbichi. Mtoto alipiga kelele ambazo sijazisahau, siku tatu akawa anatembea kwa ncha za vidole, na wiki tatu baada ya hapo akiona beseni tu anajificha chini ya kitanda. Tiba ikasimama kabisa. Haikuishia hapo. Msasa uleule nikasugulia magaga yangu kisigino. Miezi michache baadaye na mimi nikawa na chunjua ya kwangu. Basi shika haya: unasugua unga mweupe tu, ukiona rangi ya waridi au mtoto akivuta mguu, acha. Damu ikitoka, hakuna dawa siku hiyo wala kesho yake, funika mpaka ipone. Msasa wa chunjua haugusi ngozi nyingine yoyote, hata ya mtoto huyohuyo, na ukishatumika unatupwa. Wembe, kisu na mkasi visikaribie kabisa.

Kusugua kunatosha mara moja au mbili kwa wiki. Dawa ndiyo ya kila siku.

Hatua ya 4. Zungushia mafuta ya mgando kwenye ngozi nzima iliyo pembeni. Asidi haichagui, inakula kila inachokigusa.

Hatua ya 5. Dondosha tone dogo juu ya chunjua yenyewe, liache likauke, kisha bandika plasta. Dawa hizi za maji nyingi hushika moto, usipake karibu na mshumaa au jiko.

Hatua ya 6. Rudia kila siku, hadi wiki 12. Ndiyo, kumi na mbili. Watu wengi huacha wiki ya tatu halafu wanasema dawa ni feki. Ngozi ikiwa nyekundu na kuuma, pumzisha siku mbili tatu, kisha endelea.

Hatua ya 7. Usiache kwa sababu pamekuwa laini. Acha michirizi ya ngozi ikisharudi kupita pale katikati. Mara ya kwanza mimi niliacha pakiwa laini, ikarudi.

Usijitibie nyumbani kama mtoto ana kisukari, damu haizunguki vizuri miguuni au miguu ina ganzi. Dawa hii haipakwi usoni wala sehemu za siri. Kwa mtoto mdogo soma kwanza karatasi ya dawa na umuulize mfamasia. Kidonda kikivimba, kikitoa usaha, au kama huna uhakika ni nini, nenda kwa daktari.

---

MamaKipepeo: Asante baba. Mimi nina haraka, mtoto ana mashindano ya kuogelea wiki ijayo. Naweza kupaka mara tano kwa siku iondoke upesi?

BabaPacha: Hapana. Utapata kidonda, na chunjua utabaki nayo. Bandika plasta isiyopitisha maji, aogelee, nje ya maji avae kandambili zake. Kuogelea hakukatazwi.

Kijogoo77: Mkuu, mjomba wangu alitumia maji ya betri, siku mbili ikadondoka. Kwa mtoto wa miaka minne naweka matone mangapi?

BabaPacha: Sifuri.

Kijogoo77: Si zote ni asidi tu?

BabaPacha: Hata limau ni asidi. Ya betri ni asidi ya salfuri, inaunguza ngozi mpaka nyama na kuacha kovu la maisha kwenye wayo anaoukanyagia kila siku. Kamwe usimwekee mtoto. Na huyo wa miaka minne, soma pale nilipoandika kuhusu mfamasia.

Nuru_H: Samahani kwa swali refu. Nimesoma kwamba chunjua zinaletwa na virusi vya papiloma. Nikashtuka, maana ndivyo hivyo vinavyotajwa kwenye saratani ya mlango wa kizazi. Je, binti yangu yuko hatarini? Na ile chanjo ya virusi hivyo ingemkinga?

BabaPacha: Dada, swali zuri, usiombe samahani. Ni ukoo mmoja wenye aina zaidi ya 100, lakini kila aina ina makazi yake. Za nyayoni mara nyingi ni namba 1, 2, 4, 27 na 57. Hizi hazihusiki na saratani ya mlango wa kizazi. Wanaohusika zaidi huko ni 16 na 18, na chanjo imelenga hao na ndugu zao wachache. Kwa hiyo chunjua ya mguuni isikunyime usingizi. Chanjo mpe binti yako kwa sababu yake yenyewe, usitegemee itaondoa chunjua.

Nuru_H: Nimepumua. Moja tu la mwisho: mbona mwili unachelewa hivyo kuiona? Mafua tunapona kwa wiki.

BabaPacha: Kwa sababu imejificha vizuri. Kirusi huingia kwenye mkwaruzo mdogo, hasa ngozi ikiwa imelowa na kulainika, kisha hukaa tabaka la juu la ngozi tu. Hakiingii kwenye damu, na tabaka hilo lenyewe halina mishipa ya damu. Askari wa mwili wanapita chini, hawaoni fujo yoyote. Hata chunjua yenyewe huchukua miezi kujitokeza, ndiyo maana huwezi kujua mtoto aliipata wapi. Asidi kwanza inamenya ngozi, na inaaminika ule mwasho kidogo unawaita askari waje waangalie. Ndiyo maana wakati mwingine mtoto mwenye chunjua sita, moja ikianza kupona, zote zinafuata.

Shangazi_Mpole: Mimi yangu walinigandisha kwa naitrojeni ya baridi kali. Mbona hukuitaja? Au hutaki watu waende hospitali?

BabaPacha: Shangazi, nimeandika "nenda kwa daktari" pale juu, rudi usome. Naitrojeni ile ina baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, inauma, huleta lengelenge, na hurudiwa kila wiki mbili tatu. Mtoto mdogo ukimpeleka mara ya kwanza, mara ya pili utambeba. Tena Uingereza kulichapishwa utafiti mwaka 2011, watu 240 wa miaka 12 na kuendelea, wote wakiwa na chunjua za nyayo. Nusu waligandishwa, nusu walipaka asidi ya asilimia 50 nyumbani. Baada ya wiki 12 waliopona kabisa ni asilimia 14 kila upande. Kwa hiyo mimi naanza na isiyoliza.

Shangazi_Mpole: Asilimia 14 tu? Basi na somo lako lote hili ni la asilimia 14!

BabaPacha: Ndiyo maana kichwa cha habari kinasema "sugu". Sikuahidi miujiza. Wale pia walikuwa wakubwa, na kwa watoto hupona kwa urahisi zaidi.

FundiBomba: Kuna hii ya kubandika gundi ya kijivu, ile tepu ya mafundi. Nimeitumia kwa mwanangu, siku sita inakaa, ya saba naitoa, naloweka, nasugua, narudishia. Iliondoka.

BabaPacha: Mwaka 2002 kuna utafiti mdogo Marekani uliiona tepu inashinda hata kugandisha. Mwaka 2006 Waholanzi wakaijaribu kwa watoto 103 wa shule, tofauti na wasiobandikwa tepu ikawa ndogo mno kuiamini. Mimi naona ni sawa kwa mtoto anayeogopa dawa, mradi ngozi isichubuke unapoibandua.

FundiBomba: Ukiibandua ndani ya maji haichubui. Na tepu ikatwe mviringo. Yenye pembe inashika soksi inatoka.

MamaKipepeo: Hiyo ya mviringo nimeipenda, hata plasta zetu zinatoka kila asubuhi.

BabaPacha: Kweli, hilo sikulifikiria. Na soksi mgeuzie ndani nje kabla ya kumvisha, mshono usikwaruze plasta.

Kijogoo77: Mkuu, na aspirini ikisagwa?

BabaPacha: Kijogoo.