Pedali moja, vinanda viwili

Nyie mnaopiga harusi na vinanda viwili, juu kimoja chini kimoja, wacheni kubeba pedali mbili za sasteni (zile za kushikilia sauti) mkahangaika kutafutana nazo gizani chini ya stendi. Moja yatosha. Ichomeke kwa kinanda cha chini, halafu chukua kebo ya MIDI (inapeleka amri toka kinanda hadi kinanda, si sauti), toka MIDI OUT ya hicho cha chini uingie MIDI IN ya cha juu, uviweke chaneli moja ya MIDI, basi ukikanyaga vyote viwili vinashika sauti, kwa sababu pedali inasafiri kama amri ya MIDI, kontrola namba 64, thamani 0 mpaka 63 imezimwa, 64 mpaka 127 imewashwa.

Sasa utata uko hapa: noti nazo zinasafiri vilevile, kwa hiyo ukipiga cha chini na cha juu kinalia. Ingia menyu ya MIDI uzime kutuma noti, uache pedali peke yake. Kama kinanda chako hakina hiyo, kuna viboksi vidogo vya kuchuja MIDI, hicho kikae katikati.

Ile kebo ya Y, ya kugawa pedali moja iingie vinanda viwili, mimi siipendi, vinanda vikiwa na polariti tofauti (kimoja kinasoma kukanyaga kama kuwasha, kingine kama kuzima) kimoja kitafanya kinyume, yaani ukikanyaga kinakata, ukiachia kinavuta. Nishaaibika nayo harusini Kisauni, bibi harusi ndo anaingia, vayolini za juu hazinyamazi wallahi.

Na usikanyage pedali wakati unawasha kinanda, vingi vinasoma polariti pale pale.