Kuhamia England na mtoto mdogo: jinsi ya kuchagua mtaa na kuomba nafasi shule ya msingi

Ukiuliza ndugu na marafiki waliotangulia, wengi watakwambia utafute kwanza shule inayosifiwa, kisha upange nyumba jirani nayo. Ushauri huo unamfaa mwenye mwaka mzima wa kujipanga. Wengi wetu tunatua Februari au Juni, mkataba wa kazi mkononi, mtoto ana miaka minne au mitano, na shule zinazosifiwa zimejaa tangu Septemba. Kwa mtu wa namna hiyo mpangilio ni mwingine: jua mtoto ni wa darasa gani, ulizia nafasi ziko wapi, ndipo utafute nyumba.

Maelezo haya ni ya England tu. Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao.

Darasa la mtoto

England haijali mtoto alimaliza chekechea au PP2. Inaangalia tarehe ya kuzaliwa, na mpaka ni usiku wa Agosti 31. Mwaka wa masomo huanza Septemba na kuisha Julai. Mtoto huingia darasa la Reception Septemba inayofuata baada ya kutimiza miaka 4. Mwaka unaofuata yuko Year 1. Kwa mfano, aliyezaliwa kati ya Septemba 1, 2021 na Agosti 31, 2022 anaanza Reception Septemba 2026. Aliyemtangulia kwa siku moja tu, yaani wa Agosti 31, 2021, tayari anaingia Year 1.

Kisheria mtoto analazimika kuwa shuleni kuanzia muhula unaofuata baada ya kutimiza miaka 5. Wengi huanza mapema kuliko hapo. Usishangae basi mwanao wa miaka mitano na nusu, ambaye nyumbani angekuwa bado anaimba nyimbo za chekechea, akiwekwa na wenzake wanaosoma vitabu vidogo. Hawamrudishi darasa kwa sababu hajui Kiingereza. Wanampa msaada humo humo darasani, na watoto wa umri huo hushika lugha upesi kuliko wazazi wao.

Kama hajafika umri wa Reception, kila mtoto wa miaka 3 na 4 ana saa 15 za malezi ya bure kwa wiki wakati wa mihula, kuanzia muhula unaofuata baada ya kutimiza miaka 3. Wapo wanaopata saa 30 za bure, lakini hizo zina masharti ya kazi na viza, hivyo usizipigie hesabu kabla ya kuhakikisha.

Milango miwili

Mlango wa kwanza ni maombi ya mwaka. Ni ya watoto wanaoanza Reception Septemba. Mwisho ni Januari 15, na majibu hutoka Aprili 16 au siku ya kazi inayofuata. Unaomba kupitia halmashauri unakoishi, hata kama shule unayoitaka iko halmashauri ya jirani. London unaweza kutaja hadi shule sita. Kwingineko utapewa nafasi zisizopungua tatu za kujaza.

Mlango wa pili ni maombi ya katikati ya mwaka, na huu ndio wa wahamiaji wengi. Hauna tarehe ya mwisho. Sehemu nyingine unajaza fomu ya halmashauri, sehemu nyingine unaiandikia shule yenyewe. Tovuti ya kila halmashauri inaeleza utaratibu wake. Majibu yanatakiwa yakufikie ndani ya siku 15 za shule. Likizo haihesabiwi, kwa hiyo fomu ya katikati ya Julai inaweza kujibiwa Septemba.

Halmashauri nyingi hazishughulikii ombi la familia ambayo bado iko Dar es Salaam au Nairobi, zinasubiri mtoto afike na awe na anwani. Lakini kuuliza hakukatazwi, na hapo ndipo pa kuanzia.

Andika barua pepe kabla hujalipa pango

Sheria inaitaka halmashauri imwambie mzazi anayeuliza shule zipi zina nafasi. Watu wachache sana wanaitumia haki hii. Tafuta idara ya udahili ya halmashauri, kisha uandike ujumbe mfupi: tunahamia eneo lenu mwezi fulani, mtoto amezaliwa tarehe fulani, anatakiwa Year 1, naomba orodha ya shule zenye nafasi katika darasa hilo karibu na postikodi hii. Ziandikie halmashauri mbili au tatu zinazozunguka kazini kwako.

Orodha itakayorudi inaonyesha pa kupanga nyumba kuliko tovuti yoyote ya madalali. Reception, Year 1 na Year 2 zina ukomo wa kisheria wa watoto 30 kwa mwalimu mmoja, kwa hiyo shule ikisema imejaa katika madarasa hayo, mara nyingi imejaa kweli. Kumbembeleza mwalimu mkuu hakusaidii kama huku kwetu, na zawadi usithubutu.

Nafasi hubadilika kila wiki. Rudia kuuliza siku chache kabla ya kusaini mkataba wa pango.

Mtaa wenyewe

Chukua ramani, weka alama kazini, halafu utazame mabasi. Siku ya shule ya msingi huanza kama saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi na kuisha saa tisa na robo alasiri, na mtoto mdogo hupelekwa na kuchukuliwa na mtu mzima. Hakuna gari la shule la kumpitia mlangoni kama tulivyozoea. Sasa pima zamu ya muuguzi inayoanza saa moja na nusu asubuhi na kuisha saa mbili usiku. Shule nyingi zina klabu ya asubuhi ya kupata chai na klabu ya jioni, zote za kulipia, lakini hata mtaa wenye klabu zote mbili haufuniki zamu hiyo. Utahitaji mwenza mwenye ratiba tofauti au mlezi wa watoto aliyesajiliwa, na walezi hao nao hujaa. Kwa maoni yangu swali la klabu na walezi lina uzito kuliko sifa za shule. Shule nzuri ambayo hakuna wa kumfuata mtoto itakutoa kazini.

Uwepo wa watu wetu ni jambo la kupima pia, lisikuongoze peke yake. Leicester utakutana na wazee wa Kihindi waliozaliwa Kampala au Mombasa wanaokusalimia kwa Kiswahili dukani. Inapendeza. Ila kama kazi yako iko mji mwingine, nauli ya treni itakula pendeleo hilo.

Ukipata fursa ya kufika mtaani, nenda siku ya shule, usiende Jumapili. Simama jirani na geti saa tisa alasiri uangalie: wazazi wanatembea au wamejazana na magari? Walimu wanatoka kuzungumza nao? Kisha omba miadi ya kutembelea shule. Uliza watoto wangapi wanazungumza lugha nyingine nyumbani, na mtoto anayeingia katikati ya mwaka anapokelewaje wiki ya kwanza. Jibu la haraka na la kina linatoka kwa shule iliyozoea.

Ripoti za Ofsted, yaani wakaguzi wa shule wa serikali, zisome, lakini angalia tarehe. Tangu Septemba 2024 shule za serikali hazipewi tena alama moja ya jumla, hivyo bango la zamani linaloning'inia getini likisema shule ni bora kupindukia linaweza kuwa la ukaguzi wa miaka mingi nyuma, chini ya mwalimu mkuu mwingine.

Vigezo vya kupokea watoto

Kila shule hutangaza vigezo vyake. Hutanguliwa na watoto wenye mpango maalumu wa elimu unaoitaja shule hiyo na walio chini ya malezi ya halmashauri. Wanafuata, mara nyingi, wenye ndugu pale pale, kisha umbali wa nyumbani. Umbali kwa kawaida hupimwa kwa mstari ulionyooka, ingawa baadhi ya shule hupima njia ya miguu. Tafuta kwenye kijitabu cha udahili cha halmashauri umbali wa mtoto wa mwisho aliyepokelewa mwaka uliopita. Kwa shule zinazogombewa mjini unaweza kuwa chini ya nusu kilomita. Kumbuka takwimu hiyo ni ya mwaka jana, haikuahidi chochote mwaka huu.

Shule za Kanisa Katoliki na Anglikana zinazogharamiwa na serikali hazina ada. Nyingi zina fomu ya ziada, na za Kikatoliki huomba cheti cha ubatizo. Kichukue parokiani kabla ya kusafiri, maana kukifuatilia kutoka Birmingham hadi parokia ya Kilimanjaro ni shughuli. Usipoijaza fomu hiyo ya ziada, mtoto ataangukia kundi la mwisho hata kama alibatizwa.

Nyaraka

Beba cheti cha kuzaliwa (Watanzania, kile cha RITA, siyo tangazo la hospitali), kadi ya kliniki yenye chanjo, na ripoti ya chekechea ikiwepo. Kama jina la ukoo la mtoto si sawa na la mama, cheti cha kuzaliwa ndicho kitakachojibu maswali. Halmashauri itataka uthibitisho wa anwani: mkataba wa pango, bili ya kodi ya halmashauri, au bili ya umeme.

Mtoto aliyeingia kama mtegemezi wa mfanyakazi ana haki ya shule ya serikali. Elimu hiyo haihesabiwi kuwa msaada wa fedha za umma unaokatazwa kwenye viza, na shule hairuhusiwi kudai pasipoti au viza kama sharti la kumpokea. Angalizo: punguzo la kodi ya halmashauri kwa wenye kipato kidogo limo kwenye katazo hilo. Usiliombe kwa sababu jirani amelipata.

Kuhusu kuomba shule kwa anwani ya shangazi: kama mtoto analala kwa shangazi kweli, ni halali kuitumia, na mkihama baadaye hafukuzwi shule. Kama anaazima anwani tu ili awe karibu na shule fulani, nafasi inaweza kufutwa hata baada ya kutolewa, na halmashauri huchunguza.

Kujaza fomu

Panga shule kwa kadiri unavyozipenda kweli. Shule haioni uliiweka namba ngapi. Kila moja inampima mtoto kwa vigezo vyake, kisha halmashauri inakupa ile ya juu zaidi miongoni mwa zilizomkubali. Kutaja shule moja tu hakukupi nguvu yoyote. Ukiikosa, utapangiwa iliyobaki na nafasi, pengine mabasi mawili kutoka nyumbani. Weka angalau moja ya karibu ambayo una uhakika nayo. Panapouliza lugha ya nyumbani, andika Kiswahili. Wapo wanaoficha wakidhani mtoto atadharauliwa, kumbe ndiyo taarifa inayoisaidia shule kupata fedha za kumsaidia.

Ukinyimwa

Barua ya kukataliwa lazima itoe sababu na ieleze njia ya rufaa. Una siku zisizopungua 20 za shule kuikata. Kwa madarasa yenye ukomo wa watoto 30 rufaa hushinda mara chache, isipokuwa ionekane vigezo vilitumika vibaya. Lakini kuna kipengele cha kukumbuka: mtoto aliyehamia eneo nje ya msimu wa maombi, na hakuna shule nyingine yenye nafasi kwa umbali unaofaa, anaweza kupokelewa kama wa 31. Kitaje kwa maandishi kwa halmashauri.

Kubali nafasi uliyopewa huku ukiwa kwenye orodha ya kusubiri ya unayoitaka. Kukubali hakukutoi kwenye orodha. Orodha hupangwa kwa vigezo, si kwa aliyewahi, hivyo unaweza kushuka akihamia mtu jirani zaidi na shule. Na kama shule ya karibu yenye nafasi iko zaidi ya maili 2 kwa njia ya miguu na mtoto hajafika miaka 8, halmashauri inatakiwa igharamie usafiri wake. Hawatakuambia, uliza.

Akishapokelewa

Chakula cha mchana ni bure kwa kila mtoto wa Reception, Year 1 na Year 2 katika shule za serikali; taja mapema kama ni cha halali. Sare zisizo na nembo ni bei nafuu kwenye maduka makubwa, kwa hiyo nunua sweta moja tu la nembo. Mwandikishe kwa daktari wa mtaa mapema, maana ratiba ya chanjo ya Tanzania haina ya matubwitubwi, naye ataikamilisha.

Na kabla hujakata tiketi ya Krismasi kurudi nyumbani, soma kalenda ya shule. Kumtoa mtoto wakati wa muhula bila ruhusa kunaweza kuleta faini ya pauni 80 kwa kila mzazi, inayopanda kuwa 160 usipolipa ndani ya siku 21.