Kabla ya Kuomba Kazi Benki ya Uwekezaji na Hukusomea Fedha

Kwanza ijue kazi unayoiomba. Benki ya uwekezaji haina foleni ya watu wanaokuja kuweka akiba. Inazitafutia kampuni na serikali mtaji, inapanga uuzaji wa hisa kwa umma kama ule wa Safaricom mwaka 2008, na inasimamia shughuli kampuni moja inapoinunua nyingine. Vijana wengine wa hapa Mombasa wanaonijia kutaka ushauri bado wanafikiri ni kazi ya kaunta yenye mshahara mnono. Ukienda kwenye mahojiano na fikra hiyo, umeshakosa kazi kabla hujaketi.

Kazi zenyewe karibu zote ziko Nairobi. Likubali hilo mapema, pamoja na kodi ya nyumba ya huko. Ukiitwa, safiri siku moja kabla. Usishuke basi la usiku alfajiri ukaelekea moja kwa moja kwenye mahojiano na macho mekundu. Suti moja iliyokukaa inatosha. Wasifu uwe ukurasa mmoja, usomwe na mtu mwingine kabla hujautuma, na barua pepe iwe na jina lako, si jina la utani.

Hesabu hazina msamaha. Uwe ulisomea ualimu, ubaharia au jiografia, hakuna atakayekulaumu, na hakuna atakayekupunguzia maswali. Liko moja ambalo ni nadra kukosekana: uchakavu wa mali, yaani thamani inayopungua mali ikitumika, ukiongezeka kwa shilingi 10, nini kinatokea kwenye taarifa tatu za fedha: ya faida na hasara, ya mtiririko wa fedha, na mizania ya mali na madeni? Shika kalamu. Faida kabla ya kodi inashuka 10. Kodi ya kampuni Kenya ni asilimia 30, kwa hivyo kodi inapungua 3 na faida baada ya kodi inashuka 7. Kwenye mtiririko wa fedha unaanza na hiyo 7 iliyopungua, kisha unairudisha 10, kwa sababu uchakavu hautoi hata senti mfukoni, na taslimu inaongezeka 3. Kwenye mizania, mali za kudumu zimeshuka 10 na taslimu imepanda 3, jumla imeshuka 7. Upande wa pili faida iliyolimbikizwa nayo imeshuka 7. Pande mbili zimelingana. Usikariri. Ibadilishe hiyo 10 iwe 25, ugeuze na kiwango cha kodi, mpaka uweze kulieleza umesimama kwenye feri ya Likoni bila karatasi.

Vyeti vinasaidia, ila visikufilisi. CFA, cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji, ina ngazi tatu, na hapa nyumbani KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu na fedha, wana mtihani wao wa wachambuzi hao, CIFA. Ngazi moja uliyoipasi yatosha kuonyesha kwamba huku hukuja kubahatisha. Usikope pesa ukitafuta zote kabla hujaomba kazi hata moja.

Chagua habari moja ya kampuni kutakiwa kununuliwa, uijue vizuri. Mtu wa Mombasa hana haja ya kwenda mbali: mwaka 2024 Amsons ya Tanzania ilitoa ofa ya shilingi 65 kwa kila hisa ya Bamburi Cement. Zidisha kwa hisa milioni 363 hivi, unapata takriban bilioni 23.6. Hiyo ni thamani ya hisa peke yake. Ukitaka thamani ya biashara nzima unaongeza madeni na kutoa taslimu iliyopo. Ofa kama hizo huandikiwa waraka kwa wenye hisa, ukiwa na maoni ya mshauri huru kuhusu kama bei ni ya haki. Usome wote, hata kurasa zinazochosha, halafu uwe na maoni yako: je, wewe ungeuza?

Sasa sikiliza hili kwa makini, kwa sababu ndilo lililomuumiza mtoto wa ami yangu. Alikuwa na shahada ya jiografia na miaka kadhaa ya ukarani kwenye yadi ya malori Changamwe. Alikuwa akipanga safari, akitoa dizeli, akifuatilia makontena yasije yakatozwa faini ya kucheleweshwa. Usiku anajifunza kukadiria thamani ya kampuni kwa modeli, yaani jedwali la hesabu za makadirio, na alijifunza kweli. Mtu mmoja akamwambia kwamba huko hawataki kusikia habari za malori. Akaifuta yadi kwenye wasifu, mahali pake akaweka kozi fupi na maneno makubwa ya uchambuzi.

Akafika mahojiano ya mwisho. Mama mmoja aliyekuwa kwenye jopo akamuuliza: tuseme tunakadiria thamani ya kampuni ya msafirishaji wa Mombasa, na mwaka 2019 mapato yake yameanguka. Kumetokea nini, na mwaka huo utaufanyaje kwenye modeli yako?

Kijana huyu mwaka huo alikuwa yadini. Agosti 2019 ilipotoka amri kwamba mizigo ya Nairobi na bara ipakiwe kwenye SGR, reli mpya ya Mombasa na Nairobi, aliona malori yakilala, akaona watu wa Mombasa wakiandamana, akaona tajiri wake akiuza magari ili alipe benki. Alijua kwamba dizeli na posho ya dereva hupungua safari zikipungua, lakini rehani ya lori na bima hazijui kama kuna mzigo au hakuna. Alijua amri ilisimamishwa Oktoba, na kwamba mwaka 2022 serikali mpya iliamuru mizigo irudi kuondolewa Mombasa. Kwa hivyo mapato ya msafirishaji yule yalikuwa yakifuata amri za serikali, na hiyo ndiyo hatari ya kuwekwa kwenye modeli. Jibu lote alikuwa nalo.

Hakulitoa. Angelitoa, swali la pili lingekuwa, "Umeyajuaje haya?" Na yadi ameshaifuta. Akajibu ya kitabuni: nitachukua wastani wa miaka mitatu. Yule mama akaandika kitu, akafungua ukurasa mwingine. Barua ya kumshukuru kwa kuomba ilikuja wiki iliyofuata.

Hayo alinisimulia mwenyewe barazani kwetu Tudor, na bado yananiuma kila nikimwona kijana mwingine anafuta kazi yake kwenye karatasi. Usifute! Iandike kwa namba: malori mangapi ulisimamia, kontena lilikaa siku ngapi kabla yako na baada yako, ulipunguza gharama gani. Mwalimu aeleze bajeti ya shule aliyoishika, na nesi aeleze dawa alizosimamia. Kisha jiandae kujibu kwa nini unaiacha kazi hiyo, kwa sentensi mbili za kweli. Mtoto wa ami aliirudisha yadi kwenye wasifu, akapata nafasi kitengo cha mikopo ya biashara, anachambua wasafirishaji. Huo nao ni mlango: mikopo, madalali wa hisa, vitengo vya ushauri wa ununuzi wa kampuni kwenye makampuni ya ukaguzi. Wengi huingilia huko, halafu wakavuka.

Unapowaandikia watu walio ndani, omba dakika chache za maelezo, usiombe kazi. Asiyejibu mkumbushe mara moja, basi.

Nyumbani waambie ukweli kuhusu saa za kazi. Kuna wiki hutaonekana, hata Idi inaweza kukukuta ofisini. Ukiingia, funga mdomo: kununua hisa kwa habari ya ndani, au kumnong'oneza ndugu yako anunue, ni kosa chini ya Sheria ya Masoko ya Mitaji. Usipige picha ya meza yako ya kazi ukaiweka mtandaoni. Na anayekutoza pesa za fomu au mafunzo ili akuajiri, mkimbie, hata kama ofisi yake ina zulia. Orodha ya kampuni zenye leseni iko kwenye tovuti ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na kuitazama ni bure. Wala usiache kazi uliyonayo kwa ahadi ya simu. Subiri barua ya ajira iliyotiwa sahihi, na uisome yote.