Vitambaa vya chooni badala ya tishu: namna ya kuanza na kanga kuukuu

Kabla watu hawajakunja pua naomba tuelewane jambo moja. Huku kwetu wengi tunachamba na maji, kwa hiyo kitambaa ninachokiongelea ni cha kujikaushia baada ya maji kumaliza kazi. Hapo ndo siri yote ilipo. Marekani na Ulaya kuna familia zinafutia kitambaa bila maji kisha zinafua, na wanaweza kwa sababu wana mashine za maji moto, ila kwa mtu anayefua kwenye beseni kwa mikono yake mwenyewe mimi simshauri kabisa. Maji kwanza, sabuni ukipenda, halafu kitambaa.

Siku hizi hata kwenye nyumba zenye maji mtu akishachamba anavuta tishu kibao kujikausha, mara nne mara tano kwa siku, zidisha kwa watu wote wa nyumbani, na yenyewe ikishalowa inakatikakatika inabaki mwilini. Na ile tishu nyeupe laini inatokana na miti. Mwaka 2019 shirika la Natural Resources Defense Council la Marekani lilitoa ripoti kuhusu msitu mkubwa wa kaskazini mwa Kanada unaokatwa na sehemu yake kuishia kuwa tishu, na wakasema Wamarekani ambao ni kama asilimia 4 tu ya watu duniani wanatumia zaidi ya asilimia 20 ya tishu zote. Mti umekua miaka na miaka, ukageuzwa karatasi ya kutumika sekunde chache, na karatasi hiyo hairudi kiwandani tena kama boksi au gazeti. Inaniuma kwa kweli. Bado hujahesabu nailoni iliyofungiwa.

Sasa na mimi sitaki nikudanganye kwamba kitambaa hakina gharama yake. Pamba inakunywa maji sana, kilo moja ya kitambaa cha pamba kwa wastani wa dunia inamaliza kama lita 10,000 ukihesabu kuanzia shambani, kwa hiyo mtu akienda dukani kununua vitambaa vipya vya maua maua eti anaokoa mazingira, faida kubwa ameshaitupa mlangoni. Anza na kilichopo kabatini. Kanga kuukuu ndo bora kuliko vyote, maana mpya bado imekaza na hainyonyi maji, lakini ile iliyofuliwa miaka ikawa laini inakausha vizuri mno. Tisheti za pamba zilizochoka zinafaa, shuka za flaneli za mitumba zinafaa sana, taulo nalo linafaa ila linachelewa kukauka msimu wa mvua. Nguo ya poliesta achana nayo, inasukuma maji tu pembeni.

Kukata: kipande cha sentimita 20 kwa 20 kinatosha. Kanga moja inakaribia mita moja kwa mita moja na nusu, inakupa vipande zaidi ya 30, na kwa kuwa ni nyepesi weka viwili viwili fundi akupigie ovaloki pembeni, unabaki na vitambaa kama 15. Hivyo vinamtosha mtu mmoja anayetumia vinne kwa siku na kufua kila baada ya siku tatu, na ziada kidogo, yaani doti moja ni watu wawili. Tisheti haihitaji fundi hata, ukiikata haichanuki nyuzi. Kila mtu awe na rangi yake, au uzi wa rangi yake pembeni, na hili usilidharau kwa sababu hata kama vyote vinafuliwa, watu wanatulia wakijua changu ni changu. Watoto hasa wanapenda.

Chooni unahitaji vitu viwili tu, kikapu cha vitambaa safi kikae juu mbali na maji yanayoruka, na ndoo ndogo yenye mfuniko ya vilivyotumika. Iwe kavu. Kuna watu wanaloweka humo humo siku tatu na hapo ndo harufu inapoanzia, kitambaa kikikaa kikavu kwenye ndoo hakinuki kihivyo. Na waambie wote wa nyumbani, wageni wa kulala na dada wa kazi pia, kitambaa hakitupwi chooni hata siku moja, kikienda na maji kitaziba bomba.

Kufua sasa, na hapa tulia kidogo. Mama yeyote aliyelea mtoto kwa nepi za kitambaa anajua tayari. Suuza kwanza kwa maji baridi, maji hayo mwaga chooni, loweka na sabuni ya unga nusu saa hivi, fikicha, suuza mpaka povu liishe. Vifuliwe peke yake, visichanganywe na vitambaa vya jikoni. Mara moja kwa wiki vichemshe kwenye sufuria yake maalum dakika kumi, au kama una mashine weka nyuzi 60, ila subiri upate mzigo wa kutosha kwa sababu kuwasha mashine kwa vitambaa vitano ni kuharibu ile faida tunayoitafuta. Jiki sio lazima kila siku maana inakula nyuzi, ukiitumia fuata vipimo vya kwenye chupa, na hakikisha mkojo umeshasuuzwa wote kwanza, jiki ikikutana na mkojo inatoa hewa kali inayochoma kifua, vivyo hivyo na siki au dawa ya choo yenye asidi. Ile maji ya kulainisha nguo yenye marashi usiweke, inafanya kitambaa kisinyonye.

Anika juani, jua kali kabisa. Halafu piga pasi pande zote mbili, na mshono pia, na hii nasisitiza kwa sababu maeneo mengi yetu kuna yule nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, hasa kivulini, na nguo yenye harufu ya mkojo inamvuta zaidi, mayai yakianguliwa funza anaingia kwenye ngozi anatoa jipu. Hebu fikiria kitambaa hiki kinagusa wapi. Joto la pasi linaua yote. Kama umeme hakuna na pasi ya mkaa huna, anika ndani penye hewa na wavu dirishani.

Kuna wakati inabidi uache. Mtu akiharisha, au kipindupindu kimeingia mtaani, au kuna mwenye fangasi au UTI ambayo haijatibiwa, huyo atumie tishu mpaka apone, afya kwanza. Wanawake tunajikausha kutoka mbele kwenda nyuma kama kawaida. Na kama maji kwenu ni ya kununua kwa dumu, piga hesabu ya kufua kabla ya kuanza, pengine ukatumia vitambaa kwa haja ndogo tu, ambayo ndo mara nyingi zaidi na kufua kwake ni rahisi, na bado tishu zitapungua sana. Wageni wawekee roli moja, mtu asilazimishwe.

Kikichakaa kabisa kiwe tambara la kufutia baiskeli, au kama ni pamba tupu toa uzi wa ovaloki, kikatekate, kifukie chini ya mgomba.