Kupika chaza wa mikokoni kwa tui la nazi

Katika fukwe za Tanga chaza hugandamana kwenye mizizi ya mikoko na miamba, na hupatikana kwa urahisi zaidi wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana. Wabandueni kwa kisu kinene bila kukata mzizi, mkiwaacha wadogo waendelee kukua.

Sugua magamba kwa brashi na maji safi mpaka tope liishe, kisha mtupe kila chaza aliyeachama ambaye hafumbi gamba lake anapogongwa, kwa kuwa huyo amekwisha kufa. Wachemshe waliobaki, wakishafunguka, waache motoni dakika 3 hadi 5 zaidi, na asiyefunguka asiliwe. Wapo wanaowala wabichi kwa ndimu, lakini ndimu huongeza ladha tu, haiui vijidudu.

Toa nyama, chuja mchuzi wake kwa kitambaa ili mchanga ubaki, kisha kaanga kitunguu, thomu, nyanya na bizari, utie mchuzi huo pamoja na tui jepesi. Chumvi ionjwe kwanza, maana chaza huja na ya baharini. Tui zito na nyama viingie mwisho, kwa moto mdogo, kwani chaza akipikwa mno hugeuka mgumu kama mpira.